Lokole Iliyokatazwa

Sehemu ya Saba: Kujibu kwa Jina la Baba

Mlango ulipigwa tena, na safari hii kwa buti.

Tulimwacha Alphonsine chini ya kitanda cha wazazi wake, msomaji wangu, na baadhi yenu mmeniandikia kwa hasira kwamba nimemlaza mtoto sakafuni wiki nzima bila chakula. Mna haki. Lakini msinilaumu mimi, si mimi niliyeufunga mji.

Mji ulikuwa umefungwa kweli. Siku hizo za mwisho wa mwezi wa kumi, mwaka 1959, Kisangani, ambayo Wazungu waliiita Stanleyville, ilifunikwa na askari kama kuku chini ya tenga. Ndege ziliwashusha uwanjani Simi-Simi kutwa nzima. Kivuko cha kwenda Lubunga, ng’ambo ya mto, kilisimamishwa. Mitumbwi ilikatazwa. Na lokole, zile ngoma za gogo zinazosema kama watu, zilikatazwa pia, kwa sababu mkubwa mmoja aliambiwa kwamba ndizo zinazoamsha fujo. Mkubwa akishaambiwa jambo la namna hiyo, hapati usingizi mpaka atoe amri.

“Fungula mulango! Fungula ao tunavunja!”

Alphonsine alitoka chini ya kitanda. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mkononi kipande cha kwanga, mkate wa muhogo, kilichokauka mpaka kikawa kigumu kama sabuni. Moyoni alikuwa na tumaini moja la kijinga, kwamba huenda aliye nje ni baba yake.

Alifungua. Hakuwa baba yake. Alikuwa sajini mmoja mnene, na nyuma yake vijana wawili wenye bunduki.

“Papa yako iko wapi?”

“Si ninyi mulimubeba?” Alphonsine alijibu, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, kwa kuwa hakuwa amezungumza na mtu tangu jana. “Mulimupandisha ku camion, pale barabara ya Mangobo. Watu wote baliona.”

Sajini aliwatazama wenzake, wenzake wakatazama dari.

“Aliruka,” alisema sajini.

“Aliruka wapi?”

“Ku camion. Mbele tufike Kapalata, ku gereza. Aliruka, akaingia ku pori. Alors, kama alirudia hapa, sema sasa. Mukubwa yangu akimupata yeye mwenyewe, itakuwa mubaya.”

Furaha ilimpanda Alphonsine ghafla mpaka ikabidi aume mdomo. Papa Basile yu hai! Papa Basile yuko huru! Kisha woga ukaja nyuma ya furaha na kuipita, maana mtu aliyeruka kwenye lori la askari hasamehewi.

“Hakurudia. Niko miye peke yangu.”

“Na mama?”

“Iko Lubunga. Alienda kuona dada yake, akabeba mutoto. Alisema atarudia kesho yake. Ile kesho, bac ya kuvuka ikakatazwa.”

“Peke yako? Mutoto kama weye?”

Ni swali alilojiuliza Alphonsine kila siku tangu baba yake achukuliwe.

Askari walipekua. Waligeuza kitanda, wakamwaga pipa la maji, wakachungulia darini. Kisha mmoja akaikaribia pembe ya chumba, mahali palipokuwa na kitu kirefu kilichofunikwa liputa la mama, kitenge chake cha kujifunga, na juu yake sufuria tatu na mwiko.

Chini ya liputa lile ilikuwa lokole ya baba yake.

“Hii iko nini?” aliuliza sajini.

“Iko kiti ya papa.”

Uongo mwingine ni wa aibu hata kuusimulia. Kiti gani cha mtu hubeba sufuria? Lakini sajini alizisogeza sufuria, akajishusha juu ya kile kitu kwa uzito wake wote, na kwa bahati mbaya kisigino chake kikagonga ubavu wa gogo. Lokole ikatoa sauti nene, nzuri, ya kutoka tumboni.

Vijana wale wawili walimtazama sajini. Sajini alimtazama Alphonsine, na kwa mara ya kwanza akawa na uso wa mtu aliyezaliwa na mama.

“Na kwetu pia tuko na viti kama hivi,” alisema polepole. “Mama yangu iko na kimoja.” Akasimama, akarudisha sufuria mahali pake, tena kwa utaratibu. “Hakuna kitu humu. Twende.”

Wakaenda zao.

Alphonsine alijilaza juu ya lokole na kulia. Alilia kwa ajili ya baba aliyeko porini, kwa ajili ya mama aliyeko ng’ambo, kwa ajili ya kitinda mimba Benoît aliyekuwa ndio kwanza ameota jino. Alimlilia hata sajini, ajabu hiyo, kwa sababu alikuwa ameondoka na nyumba ikawa tupu tena. Upweke una tabia hiyo mbaya. Ukikaa nao siku nyingi, hata adui akigeuka kuondoka unatamani kumshika shati.

“Alphonsine! Uko munzima?”

Ilikuwa sauti ya Mama Hadidja, jirani, ikitokea upande wa pili wa ua wa matete. Mkono wake ukapenya kati ya matete na kusukuma sahani yenye makemba mawili, ndizi za kuchoma.

“Niko, Mama Hadidja. Aksanti.”

“Walipata ngoma?”

“Hapana.”

“Alhamdulillahi. Sasa sikiliza. Usitoke, usipige kelele. Wameweka bunduki kubwa pale ukingoni, ile ya miguu mitatu. Jana walipiga mutumbwi. Mutumbwi ulirudi kwa maji bila mwenyewe.”

“Mama Hadidja, ninaweza kuja kulala kwenu?”

Mkono wa Mama Hadidja ulirudi taratibu upande wa pili wa matete.

“Mutoto yangu, bwana yangu anaogopa. Papa yako wanamutafuta. Ukionekana kwetu...” Hakumaliza. “Kula makemba ingali na moto.”

Msimhukumu haraka. Kula na kipofu usimguse mkono, na kuishi na mwoga vivyo hivyo, na mume wa Hadidja alikuwa mwoga wa sifa. Ila Alphonsine alikula yale makemba kwa machozi, na chumvi haikuhitajika.

Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa kijiji cha Yanonge wakati lokole iliposema kutoka ng’ambo.

Alphonsine aliacha kutafuna. Nyumba yao ilikuwa ukingoni kabisa, chini ya Simi-Simi, na mlango wa nyuma ulitazama mto wote. Upande ule wa pili askari walikuwa wachache, na mtu aliyejificha majanini na gogo lake aliweza kusema maneno machache kabla hajatafutwa. Mpigaji alikuwa mume wa dada yake mama. Lakini maneno yalikuwa ya mama mwenyewe, hilo Alphonsine alilijua kama anavyoyajua mapishi ya mama.

Lokole haisemi neno moja moja. Kila mtu ana jina lake la ngoma, refu kama methali, na kila jambo lina msemo wake. Lokole ilisema hivi:

Nguzo isiyong’olewa na mafuriko, Nguzo isiyong’olewa na mafuriko, simama uitike. Mwanamke aliyeacha vyungu vya mama yake Yanonge anakuita. Ukinyamaza, anaingia majini.

Nguzo ndiye Papa Basile. Mwanamke wa vyungu ni Mama Marthe, mama yake Alphonsine. Na kuingia majini ni kuingia majini.

Kwa watu wa mto kuna desturi, na desturi hiyo haina mchezo. Mwenye nyumba huitwa mara tatu. Akiitika, basi nyumba iko salama, kila mtu ashike lake. Akinyamaza mara ya tatu, nyumba haina mtu, na ndugu wanapaswa kwenda kuchukua waliobaki. Mama Marthe hakujua kwamba mumewe alikamatwa. Alijua tu kwamba mji unawaka na kwamba binti yake yuko upande usiofaa wa mto.

“Alphonsine! Inasema nini?” Mama Hadidja alinong’ona.

“Mama anaita papa. Anasema papa asipojibu, anavuka.”

“Usijibu! Wataleta jeep hapa!”

“Nisipojibu, anakuja na mutumbwi.”

“Ataona bunduki, atarudi.”

“Haujue mama yangu.”

Hilo nalithibitisha mimi mtunzi. Marthe ndiye aliyewahi kumfuata mumewe kwa kasia kutoka Isangi, mimba ikiwa kubwa, kwa sababu tu mume alisahau shati lake la kanisani. Mwanamke wa namna hiyo hazuiwi na amri iliyobandikwa ukutani.

Lokole iliita mara ya pili.

Alphonsine alikwenda pembeni, akashusha sufuria, akavuta liputa. Nyuma ya gogo zilikuwepo fimbo mbili zilizofungwa mpira nchani. Alizishika, akaziweka chini, akazishika tena.

Mambo mawili yalimzuia. La kwanza, msichana hapigi lokole. Anaisikiliza, anaielewa, anachekea umbea wake, lakini hapigi. Kwa Alphonsine sheria hiyo ilikuwa imevunjwa kimyakimya: Basile alikaa miaka mingi bila mtoto wa kiume, Benoît alichelewa kuja, na katika kungoja alimfundisha binti yake kwa vidole, kwenye ukingo wa meza, mlango ukiwa umefungwa. Gogo lenyewe hakuwahi kuligusa.

La pili lilikuwa zito zaidi. Ili mama atulie, ilipasa Basile aitike. Na kuitika kwa jina la mtu mwingine kana kwamba ndiwe yeye, hilo kwa watu wa mto halifanyiki. Jina la lokole ni pumzi ya mwenyewe. Mtoto hulipiga jina la baba yake siku ya kumtangaza marehemu, si siku nyingine.

“Papa, unisamehe,” Alphonsine alisema kwa sauti, akilitazama gogo. “Sikupigi kama umekufa. Ninakupiga kwa sababu mama anakuja.”

Lokole iliita mara ya tatu.

Akapiga.

Mwanzo mikono ilisitasita. Kisha ikakumbuka meza, ikakumbuka vidole vya baba juu ya vidole vyake, na gogo likafunguka: Nguzo isiyong’olewa na mafuriko nimesimama. Nyumba ina mtu. Weka miguu yako pale ulipo.

Sauti ilivuka mto wote. Kisha jibu fupi likaja: Imesikika. Miguu imewekwa.

Alicheka peke yake kama mwehu. Mama ameketi! Mama haingii majini! Na kwa kitambo kidogo, kama anayeota, aliona nyumba ina watu: baba aliyeitika, mama aliyeita. Kisha mtetemo ukafa ndani ya gogo, naye akaona ni yeye tu, na fimbo mbili, na sahani ya makemba.

Upande wa pili wa ua Mama Hadidja alifunga dirisha. Jirani aliyefuata akafunga lake. Milango ya mtaa mzima ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na mwishoni ukasikika mlio wa jeep.

Safari hii mlango haukupigwa, uliangushwa.

Aliingia Luteni Hubert, kijana wa Kibelgiji mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliingia yule sajini mnene, uso umemshuka. Na nyuma yao, akiwa na miwani yake na tai yake ya ofisini, aliingia mtu ambaye Alphonsine alimngoja kila siku tangu baba akamatwe.

“Tonton Urbain!”

Alimkimbilia. Urbain, mdogo wake Basile, karani, mtu pekee wa ukoo aliyebaki upande huu wa mto, alimpokea kwa mkono mmoja na kumsogeza kando taratibu.

“Tulia, Alphonsine.”

“Ulikuwa wapi, tonton? Nilikungojea. Nilikungojea siku zote!”

“Walinichukua kutafsiri. Niko nao pale ku uwanja.”

“Pale ku uwanja? Pale tu?”

Pale tu. Kutoka uwanjani Simi-Simi mtu huliona paa la nyumba ya Basile. Urbain aliliona kila asubuhi akinywa kahawa ya askari, na kila asubuhi aliona bora kutokuja. Alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena bila kumtazama mtoto.

“Basile iko hapa,” alisema Luteni Hubert kwa Kiswahili chake cha kambini. “Lokole ilisema: nimesimama, nyumba iko na mutu. Si kweli, Urbain?”

“Ndiyo, mon lieutenant.”

“Tonton!” Alphonsine alimgeukia. “Ni weye ulibaambia?”

“Nilitafsiri tu maneno yaliyopigwa,” alisema Urbain, na nasema wazi kwamba nimesikia wasaliti wengi wakijitetea kwa ufundi zaidi ya huo.

Wakapekua tena, hata chooni. Hakuna Basile. Luteni alisimama mbele ya gogo lililo wazi, fimbo zikiwa juu yake, akamtazama sajini.

“Serza, ulisema hakuna ngoma humu.”

Sajini aliukodolea macho ukuta.

“Alikimbilia kwa jirani,” Luteni aliamua. “Leteni jirani!”

Dakika haikupita, askari wakawa wamemburuta Mama Hadidja kwa mkono, kitambaa kimemtoka kichwani. Mumewe hakutokea.

“Basile iko wapi, mama?”

“Sijue, bwana! Wallahi sijue! Humu kuna huyu mutoto tu!”

“Mutoto haipige lokole. Mubebe mama huyu ku camion.”

“Ni miye!” Alphonsine alipiga kelele. “Ni miye nilipiga! Mumuache!”

Luteni alicheka, kicheko cha uchovu. “Urbain, kwenu musichana anapiga?”

“Hapana, mon lieutenant. Hata siku moja.”

Alphonsine alitazama nyuso zao zote, akaona hakuna anayemwamini, hata tonton wake, hata Hadidja aliyemsikia kwa masikio yake na sasa analia tu. Akalikaribia gogo. Hakuomba ruhusa. Alichukua fimbo na kupiga jina la baba yake, lote, bila kusita: Nguzo isiyong’olewa na mafuriko.

Urbain alishika meza. Alikuwa ameusikia mkono wa kaka yake tangu utotoni, jinsi unavyochelewa kidogo mwishoni kabla ya pigo la kufunga, na sasa aliusikia ukitoka kwa mtoto mwenye gauni lililochanika.

“Mon Dieu,” alisema. “Iko Basile kabisa.”

“Basi ni kweli,” alisema Luteni, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza. Lile tabasamu, msomaji, ndilo lililoniharibia mimi usingizi. “Muacheni mama.”

Mama Hadidja aliachwa. Alikimbia kwake bila kugeuka, na komeo likasikika.

“Wewe iko na mukono ya papa yako,” Luteni alimwambia Alphonsine kwa upole, akachuchumaa ili macho yao yalingane. “Bon. Papa iko ku pori, karibu, anasikia. Sasa umuite. Muambie: kuya nyumbani, askari walienda. Urbain atasikiliza. Kama unapiga mubaya, Urbain atanieleza. Kama Urbain ananidanganya, Urbain atalala Kapalata mahali ya ndugu yake. Donc, piga.”

Fimbo zilikuwa mkononi mwake. Nje, mto ulikuwa unapita zake, mpana, bila chombo hata kimoja juu yake.

Nini angefanya? Kumwita baba ni kumuua. Kukataa kupiga ni kurudisha lori kwa Mama Hadidja. Kumdanganya Luteni ni kumtia Urbain kamba shingoni, Urbain ambaye hakuja, Urbain aliyekunywa kahawa huku anatazama paa. Alphonsine alimtazama tonton wake, naye kwa mara ya kwanza tangu aingie akamtazama. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alitazama tu, macho yamejaa maji nyuma ya vioo.

Akapiga.

Nguzo isiyong’olewa na mafuriko, weka miguu yako pale ulipo. Usije nyumbani. Weka miguu yako pale ulipo.

Hapo angekoma. Lo, hapo angekoma! Ningekuwa karibu ningemshika mikono yote miwili. Lakini alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu baba achukuliwe hakuna aliyemuuliza amelala vipi. Hadidja alimpa makemba kupitia ua, sajini alimpa huruma ya dakika, tonton alimpa mkono mmoja. Gogo lile peke yake lilikuwa tayari kumsikiliza mpaka mwisho. Mikono ikaendelea yenyewe na kusema kilichomjaa kifuani:

Kifaranga kiko peke yake uwanjani. Kifaranga kiko peke yake.

Akaweka fimbo chini.

“Alisema nini?” aliuliza Luteni.

Sajini aligeuka kutoka ukutani. Urbain alivua miwani, akaipangusa, na safari hii hakuivaa.

“Alisema hivi, mon lieutenant,” alianza. “Papa, mutoto yako iko peke yake ku nyumba. Iko peke yake kabisa. Kuya.”

Mmesikia? Nusu ya kweli, nusu ya uongo, na uongo ndio nusu iliyo bora. Karani huyu nimemtukana tangu sehemu ya pili, na leo naomba radhi kwa nusu ya matusi yangu.

“Vizuri sana!” Luteni alipiga makofi. “Mutoto muzuri. Serza, chukua zile fimbo, asipige tena. Askari wajifiche nyuma ya nyumba. Tunangojea.”

Sajini akachomeka fimbo kwenye mkanda wake. Urbain akaja, akakaa sakafuni kando ya Alphonsine na tai yake na suruali yake ya kupigwa pasi, akamshika mkono. Alphonsine aliegemeza kichwa begani kwake na kufumba macho, na upweke wa siku zote zile ukamlegea kidogo.

Kisha akahisi bega lile likikakamaa.

“Alphonsine,” Urbain alinong’ona. “Mama yako iko upande gani?”

“Lubunga. Lakini alisikia papa amejibu. Ameweka miguu.”

“Alisikia papa amejibu, ndiyo. Na sasa amesikia papa huyohuyo anaambiwa asije ku nyumba. Amesikia kifaranga iko peke yake.”

Alphonsine alifumbua macho.

Lokole haina bahasha. Ukimwambia mmoja, umewaambia wote wenye masikio, pori lote na ng’ambo zote mbili. Hilo watoto wa mto hulijua kabla ya kujua kutembea, na yeye alilisahau kwa neno moja tu, neno la kweli kuliko yote aliyoyapiga siku ile. Kwa uongo alikuwa amemketisha mama yake. Kwa ukweli akawa amemwinua.

Alikimbilia mlango wa nyuma.

Mto ulikuwa ungali na mwanga. Kule ng’ambo, kutoka kwenye majani ya Lubunga, mtumbwi mwembamba ulikuwa umekwisha kutoka, na ndani yake mwanamke amesimama, anapiga kasia bila kujificha, mtoto amefungwa mgongoni.

“Mama, rudi!” Alphonsine alipiga kelele, lakini sauti ya mtu haifiki hata nusu ya mto ule. Akageuka, akarukia mkanda wa sajini, akazishika fimbo kwa mikono miwili. “Chef, nipe! Nakuomba, nipe moja tu!”

Sajini alimtazama mtoto, akamtazama Luteni, na mkono wake ukabaki juu ya mkanda.

Chini ukingoni, askari wa bunduki ya miguu mitatu alitupa sigara yake na kulala kifudifudi nyuma ya bunduki.